Maji Mekundu ya Kisima: Tuchuje, au Kwanza Tuangalie Bomba?

Chai ndiyo huanza kutoa siri ya kisima. Kijijini kwa shangazi yangu, maji ya pampu yakichemshwa na kutiwa majani, chai hugeuka nyeusi kama wino, kwa sababu chuma kilichomo majini hushikana na tanini ya majani ya chai. Wali huchukua rangi ya udongo. Shuka jeupe hutoka na madoa ya kutu, na ukilitia jiki madoa yanakolea badala ya kufifia. Maji yakilala ndooni, asubuhi unakuta juu yake utando wa rangi rangi kama mafuta ya taa. Ukiugusa kwa kijiti unapasuka vipande vipande, wakati mafuta yangeungana tena. Hiyo ni kazi ya bakteria wanaoishi kwa chuma. Shangazi alisema tangu mwanzo, "Ndoo ya alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote." Nitairudia kauli hiyo, maana ilikuwa na uzito kuliko yote niliyoyasikia katika mikutano miwili ya kijiji kuhusu kisima kile.

Kwenye mikutano hiyo watu waligawanyika, na mgawanyiko huo nimeukuta karibu kila mahali penye visima vya aina hii. Kuna wanaosema maji mekundu hayaui, tuvumilie. Kuna wanaosema pesa zichangwe, lijengwe chujio.

Hoja ya wavumilivu si ya kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha chuma katika maji ya kunywa. Kiwango cha miligramu 0.3 kwa lita kinachotajwa sana kinahusu ladha, rangi na madoa. Kinachoua watoto wetu ni vijidudu vya kinyesi, na kisima kirefu kilichofunikwa vizuri kwa kawaida huwa salama zaidi kwa vijidudu kuliko dimbwi au mto. Ukiwa na pesa za kazi moja tu, wanauliza, utaondoa rangi kwenye kisima hiki au utachimba kingine kwa watu wa kitongoji cha pili ambao hawana hata hiki chekundu? Ni swali zito, na mtu anayelijibu haraka haraka hajawahi kukaa kwenye kamati ya maji.

Lakini hesabu yao ina tundu: watu hawayanywi. Mama akiona chai nyeusi na wali wa rangi ya tope, hatangoja mtaalamu amweleze habari za vijidudu. Atachukua ndoo yake arudi kwenye kisima cha wazi ambako maji yanaonekana meupe, na vijidudu havionekani. Kisima kilichogharimu mamilioni kinabaki cha kunyweshea ng'ombe na kufyatulia matofali. Hapo usalama wa maji umebaki kwenye karatasi ya maabara. Kwa hiyo mimi niko upande wa wanaotaka jambo lifanyike. Ninachobishana nao ni jambo gani, na lianzie wapi.

Hoja ya "ni rangi tu" ina kasoro nyingine, kubwa zaidi. Chuma mara nyingi hakisafiri peke yake. Huja na madini ya manganisi, ambayo madoa yake ni meusi, na wakati mwingine huja na harufu ya yai viza, ambayo ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Harufu hiyo inachukiza hata gesi ikiwa chini ya miligramu 0.1 kwa lita, na dawa yake kwa kiasi hicho ni hewa: mimina maji kutoka juu, yaache wazi, gesi iende zake. Kama kisima ni kifupi na choo kiko jirani, usiichukulie harufu hiyo kuwa ya mwamba. Pima vijidudu kwanza. Na tafadhali, mtu asishuke ndani ya kisima chenye harufu hiyo bila vifaa na wenzake juu. Gesi ikijaa mahali palipofungwa huua, tena pua huzoea ukadhani imekwisha.

Manganisi ndiyo inayonipa wasiwasi. Kwa miaka mingi nayo ilihesabiwa zaidi kuwa kero ya madoa. Sasa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeweka kiwango cha muda cha miligramu 0.08 kwa lita, kikiwalenga hasa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji. Mtu anayeuambia mkutano kwamba maji haya hayana neno, huku manganisi haijapimwa, anasema asichokijua.

Tuje kwa wanaotaka chujio. Wazo lenyewe ni zuri na halihitaji maajabu. Chuma kilichoyeyuka kikikutana na oksijeni hugeuka chembe za kutu, na chembe hizo hunaswa na mchanga. Maji yanadondoka kwenye sinia zenye matundu, yanapita hewani, yanaingia kwenye tabaka la mchanga, yanatoka yakiwa meupe. Ila maji yenye tindikali hayatii amri hiyo upesi: pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, ikiwa chini ya 6.5, chuma hugeuka polepole mno, na chujio lililojengwa bila kupima pH hupitisha chuma kikiwa bado kimeyeyuka, kikaja kugeuka nyumbani ndooni.

Manganisi ni kaidi zaidi. Hewa peke yake haiifanyi kitu cha maana mpaka pH ipande kufikia 9 na kuendelea. Inayoikamata ni punje ya mchanga iliyokwisha kuvaa koti jeusi la manganisi yenyewe, na koti hilo huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kujengeka. Nimeona watu wakilifungua chujio, wakaushangaa mchanga ulivyokuwa mweusi, wakaumwaga wote na kutia mpya. Walifanya hivyo kwa nia ya usafi, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba weusi ule ndio uliokuwa ukifanya kazi.

Swali linalorukwa mikutanoni ni hili: nani ataosha mchanga? Kutu ikijaa, maji yanapungua kasi na foleni inarefuka. Mwenye haraka anaweka bomba la pembeni kulikwepa chujio, na baada ya mwezi mmoja chujio ni pambo. Tanzania ina RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, tangu 2019 na vyombo vya jamii vya watumiaji maji vinavyokusanya fedha za uendeshaji, lakini mipango mingi niliyoisoma ina fungu la fundi na vipuri, huku kuosha mchanga kukiachiwa "jamii", maana yake akina mama, bila malipo. Kazi ya kila wiki isiyo na mwenyewe haifanyiki.

Kuna pia wanaoona njia ya mkato nyumbani. Kuchemsha kunaua vijidudu, na chuma kitatuama chini ya sufuria, lakini manganisi inabaki. WaterGuard, dawa ya klorini ya kutibia maji, ikitiwa kwenye maji ya chuma huyafanya yawe ya kahawia papo hapo, kwa sababu klorini inakimbilia chuma kabla ya vijidudu: kila miligramu moja ya chuma hula takribani 0.6 ya klorini, na haidrojeni salfaidi hula mara mbili ya uzito wake au zaidi sana. Familia inaamini imetibu maji, kumbe dawa imeisha. Chuja kwanza, klorini baadaye.

Sasa nirudi kwa shangazi na ndoo yake ya alfajiri, maana huenda inalituhumu bomba. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba ya chuma yenye koti la zinki kwenye visima vya pampu za mkono. Maji yenye tindikali yalikuwa yakila koti, kisha chuma chenyewe, na watu walikuwa wakinywa mabomba yao huku wakiulaumu mwamba. Plastiki na chuma kisichoshika kutu vina lawama zake: plastiki hulegea au kuvunjika kwenye kina kirefu, kile kingine ni ghali, na spana za fundi wa kijiji ni za mabomba ya zamani. Hata hivyo, kujenga chujio juu ya bomba linaloozea ndani ya kisima ni kudeki sakafu huku paa linavuja.

Kujua chanzo hakuhitaji mashine kubwa. Bomba la inchi moja na robo hubeba takribani lita moja kwa kila mita, kwa hiyo bomba la mita 30 hutoa ndoo moja na nusu ya maji yaliyolala humo usiku kucha. Chukua sampuli ya ndoo ya kwanza alfajiri, pampu mfululizo, chukua tena kwenye ndoo ya kumi na ya ishirini. Chuma kikishuka sana, mtuhumiwa wa kwanza ni bomba. Kikibaki vilevile, ni mwamba, na hapo wanaotaka chujio wana haki yao, mradi wataje jina la atakayeosha mchanga na mshahara wake.

Kisimani kwa shangazi tulifanya hivyo. Ndoo ya kwanza ilikuwa rangi ya chai ya rangi, ya kumi ilikuwa nyeupe na ikakaa nyeupe mpaka jioni. Mabomba yalipong'olewa, la tatu kutoka juu lilikuwa limetoboka, na kidole changu kilipita. Yamewekwa ya plastiki, na chai imerudi kuwa nyekundu. Lakini majuzi shangazi alinionyesha sehemu ya ndani ya ndoo yake nyeupe: pale maji yanapofika pameanza kujichora mstari mweusi, mwembamba. Sampuli ya manganisi iko maabara ya mkoa, na mjukuu wake wa miezi minne kwa sasa anakorogewa maziwa kwa maji ya mvua yaliyochemshwa.