Ngome imelala kona, halafu tunamlaumu mtoto

Nilirudi nyumbani Jumapili jioni na hasira, na mpaka leo haijaniisha, kwa hiyo ngoja niiandike.

Binti wa darasa la sita ninayemfundisha chesi kila Jumamosi alikuwa anacheza mechi yake ya mwisho, kwenye bwalo la shule moja hapa Dar. Alianza vizuri sana. Farasi wake aliruka c7 (herufi ni safu ya wima, a mpaka h; namba ni mstari wa mlalo, 1 mpaka 8 kuanzia upande wa mweupe, yaani wake), akampa mfalme cheki huku akiigusa ngome ya a8, akaila. Hata farasi huyo alipokuja kuliwa kule kona, binti alibaki mbele: yeye ngome mbili, mpinzani moja. Kisha akamtoa malkia. Malkia akaenda h6, akarudi g5, akaenda h4, akapiga cheki moja, akarudi h6. Muda wote huo ile ngome moja ya mpinzani ilikuwa inajikokota kutoka h8. Ikafika d8. Ikateremka safu nzima mpaka d2. Malkia wao aliyekuwa b7 akakata ulalo mzima akatua g2, ngome ikimlinda. Chekimeti.

Akanijia na karatasi yake ya kuandikia hatua, macho mekundu. "Mwalimu, mimi nilikuwa na ngome mbili, yeye moja. Nimefungwaje?"

Kabla sijafungua mdomo, mkufunzi mwingine aliyesimama nyuma yetu akamjibu: "Ulipoa. Ungeendelea kumbana na malkia."

Nikaichukua ile karatasi. Hatua 34. Q, yaani hatua za malkia, zimejaa ukurasa, lakini R, ya ngome, sikuiona hata moja. Ngome ya a1 haikuguswa tangu saa ilipowashwa, na katikati ya mchezo hapakuwa na kete yoyote kati ya a1 na d1. Njia nyeupe. Angeisogeza tu pale d1, ngome ya mpinzani isingeshuka popote. Na mtu mzima, mwalimu, anamwambia mtoto tatizo ni kwamba hakumtumia malkia vya kutosha!

Hili si kosa la binti. Ni kosa letu sisi tunaofundisha. Watoto wengi wanatujia kutoka kwenye drafti ya vizibo vya soda, na kwenye drafti furaha yote ni kuingiza kingi, halafu kingi anapita ubao mzima akifyeka. Wakifika kwenye chesi wanamwona malkia, wanasema huyu hapa kingi wangu, tena nimepewa bure tangu mwanzo. Sisi badala ya kuwarekebisha tunawaongezea. Somo la kwanza tunawaonyesha chekimeti ya hatua nne, malkia na askofu wakiivamia f7, kwa sababu watoto wanashangilia na wazazi wanafurahi. Ngome tunawafundisha inavyotembea, basi, tunaiacha.

Mimi siku hizi naanza hivi. Naondoa kete zote, naiweka ngome a1, nawaambia watoto waweke kizibo kwenye kila mraba inaoweza kufika. Wanahesabu 14. Kisha naihamishia d4, katikati kabisa, nawauliza itafika miraba mingapi. Wote wanapiga kelele kwamba itaongezeka. Wanaweka vizibo: 14. Kuna kijana mmoja alirudia kuhesabu mara tatu, akavipanga upya kwa kidole, akakataa kuamini. Farasi ukimweka kona anafika miraba miwili, katikati minane. Askofu 7 akiwa kona, 13 katikati. Hata malkia, 21 kona na 27 katikati. Ngome peke yake ubao ukiwa mtupu haijali imesimama wapi. Halafu naweka askari a2 na farasi b1, narudisha ngome a1, nawaambia wahesabu tena. Hakuna kizibo kinachowekwa. Sifuri.

Hapo ndipo wanapoelewa, bila mimi kuhubiri, kwamba adui wa kwanza wa ngome ni watu wa nyumbani kwake. Kinachoifunga ni askari wake mwenyewe. Kwa hiyo ukitaka ngome ifanye kazi katikati ya mchezo, kazi inaanza mapema: askari yupi nitambadilisha, safu ipi itafunguka, ibaki bila askari, na ngome ipi itakuwa imeshasimama pale siku hiyo. Ukingoja safu ifunguke ndipo ukaitafute ngome, umechelewa. Na safu ikiwa wazi, usikae tu pale ukijipongeza. Safu ni barabara, unakokwenda ni mstari wa saba, kwenye askari wa mpinzani ambao bado wamekaa mahali walipoanzia, wasioweza kulindana. Ile ngome ya d2 iliyomliza binti yangu ilikuwa imefika huko huko: ukihesabu kutoka upande wa mweusi, mstari wa 2 ndio wa saba.

Na malkia je? Tazama alichofanya Alekhine, bingwa wa dunia wakati huo, kule San Remo, Italia, mwaka 1930. Mpinzani wake alikuwa Nimzowitsch, mtu ambaye maandishi yake ndiyo yaliyofundisha vizazi vya wachezaji maana ya safu wazi na mstari wa saba. Alekhine alijipanga kwenye safu ya c bila haraka. Hatua ya 24 ngome ya mbele ikapanda c3. Hatua ya 25 ngome ya pili ikaingia c2. Hatua ya 26 malkia akarudi, akarudi nyumbani kabisa, c1, nyuma ya ngome zote mbili. Malkia wa bingwa wa dunia, mgongoni mwa ngome! Wachezaji mpaka leo mpangilio huo wanauita bunduki ya Alekhine. Nimzowitsch alilazimika kurundika kete zake zote kulinda farasi wake wa c6, mpaka mfalme wake akatoka mafichoni kwenda d8 kusaidia. Hatua ya 30 Alekhine akasogeza askari h4, akasubiri tu. Nimzowitsch hakuwa na hatua nzuri iliyobaki, akakubali kushindwa. Kwenye mashindano hayo Alekhine alipata pointi 14 kati ya 15.

Najua mtanijibu kwamba kuna michezo malkia peke yake anaimaliza. Sawa, ipo. Na Petrosian, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliitoa ngome yake kwa hiari dhidi ya Reshevsky, Zurich 1953, akapata sare. Nakubali pia. Lakini Petrosian alijua anatoa nini na anapata mraba gani. Mtoto wa darasa la sita ambaye hajawahi kuisogeza ngome yake atajuaje?

Wakufunzi wenzangu, nawaomba kwa dhati. Toeni malkia wote wawili ubaoni kwa Jumamosi mbili tu. Waacheni wacheze na ngome, farasi, maaskofu na askari. Watalalamika siku ya kwanza. Wangu walilalamika sana.

Binti alirudi Jumamosi iliyofuata. Nilimkalisha na kijana mkubwa kuliko yeye, malkia wakiwemo. Hatua ya 14 nilimwona ameishika ngome ya a1 kwa muda mrefu, anaangalia safu ya d, kisha akaisogeza na kuandika Rad1, yaani ngome ya a kwenda d1, kwa herufi kubwa. Alishindwa tena, hatua ya 61, ngome kwa ngome, askari mmoja pungufu. Hakulia. Aliniletea karatasi akaniomba nimwonyeshe ngome yake ilitakiwa kusimama wapi hatua ya 47.