Tia Rivasi Uende Mbele

Kabla hamjaanza kucheka, elewaneni na mimi jambo moja: gia niliyoitengeneza mimi haikuwa na kosa. Mpaka leo naisimamia. Mtu akitaka kunitania, anitanie kwa habari ya migomba, lakini gia yangu aiache.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alipata Volkswagen ya mgongo wa kobe kwa mzee mmoja mstaafu hapa Moshi. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ukifungua mlango unabaki nao mkononi, ila injini na giaboksi vilikuwa vizima. Mtu mwingine angetafuta bodi. Yeye akatangaza kwamba anajenga gari lake mwenyewe, la viti viwili, injini katikati: nyuma ya viti lakini mbele ya ekseli ya nyuma, kama magari ya mashindano. Tukamuuliza wazo hilo kalitoa wapi. Akatoa simu, akatuonyesha gari la kwanza kubeba jina la Porsche, la mwaka 1948 kule Gmünd, Austria. Nalo lilijengwa hivyo hivyo, kwa injini ya Volkswagen iliyogeuzwa ikakaa mbele ya ekseli.

"Wale walikuwa kwenye kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao, shem," akaniambia. "Sisi tuna gereji ya bati kabisa. Tunashindwaje?"

Chasisi aliichomelea kwa mabomba mraba. Habari ya chasisi tuiruke, maana jirani bado hajasahau umeme wake ulivyokatika. Mimi nikaitwa kwenye gia, kwa sababu nafundisha fizikia na mada ya nyenzo nailala nayo.

Kwa wasioijua Volkswagen: injini yake iko nyuma kabisa, giaboksi iko mbele ya injini, na pua ya giaboksi inamtazama dereva mgongoni. Fimbo moja inatoka kwenye mkono wa gia, inapita ndani ya tuta la katikati ya sakafu, inaingia puani. Ukisukuma mkono au kuuvuta, fimbo inateleza na kuingiza gia. Ukiupeleka kushoto au kulia, fimbo inajizungusha na kuchagua safu. Sasa geuza vyote viwili. Injini inakuja mbele, giaboksi inakwenda nyuma, na ile pua inatazama huko ulikotoka. Fimbo itabidi ipite ubavuni mwa injini, ipite giaboksi lote, ikate kona na kurudi kuingia puani kwa mlango wa uani. Ukiunga hivi hivi bila hesabu, kila mwendo unakuwa kinyume. Kusukuma kunakuwa kuvuta, kushoto kunakuwa kulia, gia ya kwanza unaikuta mahali pa ya nne, na ya nne imekaa kwa raha mahali pa ya kwanza.

Nikachora nyuma ya karatasi za mtihani wa kidato cha pili. Fimbo mbili: moja ya kusukuma, moja ya kuzungusha. Ya kusukuma niliifungia nyenzo ya daraja la kwanza, egemeo katikati, ili ncha moja ikienda nyuma nyingine ije mbele. Ya kuzungusha niliipa mikono miwili mifupi inayotazamana, wa huku ukiinuka na wa kule unainuka nao, basi mzunguko unageuka. Wanafunzi wangu hulala kipindi hicho. Laiti wangekuwepo.

Fimbo zenyewe zilikuwa bomba la maji la nusu inchi, na viungo vilikuwa boljointi za skrepa. Toleo la kwanza lilitutia aibu. Kila kiungo kinaleta plei kidogo, na viungo vyangu vilikuwa vingi, basi mkono wa gia ukiwa fri ulikuwa unayumba kama mlevi wa mbege. Bushi za plastiki nilizoweka karibu na bomba la moshi ziliyeyuka siku ile ile injini ilipowashwa. Fundi kereza akanichongea za shaba. Halafu ikaonekana kwamba injini, kwa kuwa imekalia mipira, ukiikanyagia moto inajinyonga kidogo, na ikijinyonga inavuta fimbo na gia inachomoka. Nikahamisha egemeo kutoka kwenye chasisi nikalifunga kwenye giaboksi lenyewe, viyumbe pamoja. Mwisho nikakaza ile skrubu yenye kichwa cha mraba pale fimbo inapoungana na giaboksi, nikaifunga waya isilegee, nikaupindisha waya kwa koleo mpaka vidole vikauma. Nikakaa kitini, injini imezimwa. Moja, mbili, tatu, nne, kila gia mahali pake. Nilikaribia kulia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa langu. Giaboksi hii ukiigeuza, lazima ugeuze na krauni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya difu (sehemu inayopeleka nguvu kwenye matairi), ulihamishie upande wa pili. Usipofanya hivyo, utapata gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Shemeji alilijua hilo. Alifungua, akahamisha mwenyewe, kisha akampelekea babu mmoja, fundi wa siku nyingi, akamkagulie bearing na kuifunga vizuri.

Nilishauri tunyanyue gari kwenye jeki tuone matairi yanazungukaje. Shemeji akasema jeki imeazimwa.

Jaribio likafanyika Jumapili mchana, uani kwa baba mkwe. Mbele ya gari kulikuwa na geti lililofunguliwa. Nyuma kulikuwa na migomba, na nyuma ya migomba, choo cha shimo. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Shemeji alivaa helmeti aliyoazima kwa dereva bodaboda, akawasha, akaweka moja, akaachia klachi.

Gari likarudi nyuma.

Akakanyaga breki. Uwanja mzima ukanigeukia mimi.

"Mwalimu, gia zako ziko kinyume!"

"Haiwezekani."

Hakunisikiliza. Yeye akapiga hesabu yake: ikiwa ya mbele inarudisha nyuma, basi ya nyuma itapeleka mbele. Akavuta mkono, akaingiza mbili, na ili asionekane mwoga akakanyaga mafuta. Sijawahi kuona mtu akiingia kwenye migomba kwa mgongo, kwa kasi ile, huku anatazama geti. Mgomba wa kwanza ukalala. Wa pili ukajikaza kidogo, kisha ukaangusha mkungu wake kwenye kiti cha abiria.

Kimya. Injini bado inaunguruma, majani yanapeperushwa na feni.

"Ule mkungu wa ndizi mshare," baba mkwe akasema, bila kunyanyuka kitini, "ulikuwa wa kipaimara."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaelewa. Kama moja inarudisha nyuma na mbili inarudisha nyuma kwa kasi zaidi, gia zangu ziko sawasawa kabisa. Kilichogeuka ni dunia. Nikakimbia hadi kwenye migomba.

"Shem, tia rivasi!"

"Nini?"

"Rivasi! Kandamiza mkono chini, kushoto, vuta nyuma."

"Nyuma kuna choo, shem!"

"Ndiyo, tia rivasi uende mbele!"

Akanitazama kupitia kioo cha helmeti kama mtu aliyeoza dada yake kwa haraka mno. "Wewe ndiye uliyetengeneza hii gia," akasema polepole, "halafu unaniambia nirudi nyuma chooni?"

"Msikilize mwalimu," baba mkwe akaingilia. "Akikosea, atachimba kingine."

Shemeji akafumba macho. Nilimwona. Akakandamiza, akapeleka kushoto, akavuta, akaachia klachi taratibu kama anayeshusha mtoto aliyelala. Gari likatoka kwenye migomba, kwenda mbele, likiwa na jani limening'inia kwenye taa na mkungu wa mshare umekaa kitini. Watoto wa mtaa wakapiga vigelegele. Kwa kuwa hakutaka kusimama tena, akapitiliza getini na moja kwa moja hadi kwa yule babu fundi, kwa rivasi njia nzima, injini inalia, watoto wanakimbia pembeni na kumpita.

Tulimkuta babu anakunywa chai. Tukamwamkia. Shemeji akamweleza kilichotokea, kwa adabu lakini jasho linamtoka. Babu akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Krauni nimeikuta iko upande usio wake," akasema. "Nilikuwa kijana Volkswagen iliposhinda Safari Rally mwaka 1962, giaboksi hii naijua. Nikasema, vijana wamekosea, nikawarudishia mahali pake. Na sikuwadai hata senti."

Shemeji akavua helmeti. Akaomba, kwa heshima zote, ile krauni irudishwe ilivyokuwa.

Babu akaweka kikombe chini. "Kuitengeneza niliwafanyia bure," akasema. "Kuiharibu tena, hiyo ni kazi. Mtalipa."