Tunataka Kuona Maji Tu, Jamani

Hivi mtu akitaka kukaa kando ya maji, kakosea nini? Sijaomba nyumba wala boti. Nimeomba mahali pa kuweka makalio jioni, nitazame mawimbi yakienda na kurudi bila kijana mwenye tai kuniinamia na kuuliza, "Bosi, nikuletee nini?" Mtaani kwetu ombi hilo limekuwa zito kuliko bajeti ya serikali.

Maji yenyewe yapo. Tunayasikia usiku, na harufu yake tunaipata, siku nyingine hata kuliko tunavyohitaji. Tatizo ni uzio wa mabati. Kwenye bati moja kuna tundu, ukubwa wa kizibo cha chupa, na hilo ndilo bustani yetu kwa sasa. Jioni watu wanapanga foleni. Ukifika zamu yako unafumba jicho moja, unabandika la pili, kisha unawatangazia wenzako: "Leo yametulia." Wafupi wanainuliwa. Ukilikodoa jicho unaona majani marefu, matairi mawili, na kibao kilichoandikwa MALI BINAFSI. Mwenye mali hatujawahi kumtia machoni. Nadhani yeye haji kutazama maji kwa sababu ana njia ya kupita.

Tukaunda kamati ya kudai bustani ya umma pale kando ya maji. Kazi ya kwanza, saini. Hapo ndipo nilipoijua dunia. Anayetaka kupandisha maghorofa anatosheka na saini moja yenye muhuri. Sisi tunaotaka nyasi na vivuli tunadaiwa saini za mtaa mzima, namba za vitambulisho na nakala za ziada. Nikapita mlango kwa mlango. Mmoja akauliza kama kuna posho. Mwingine akasaini mbio mbio, halafu akaniuliza tunampinga nani. Jirani yangu wa karibu kabisa akasema hawezi kusaini mpaka mkewe arudi, na mkewe namsikia huko ndani akimnong'oneza, "Mwambie sijarudi!"

Kikaja kikao cha kupokea maoni ya wananchi kuhusu mradi unaopangwa pale kando ya maji. Kilipangwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, na tangazo lake likabandikwa nyuma ya mlango ambao mchana kutwa uko wazi, kwa hiyo limetazama ukuta. Tukafika hivyo hivyo. Kila msemaji kapewa dakika tatu. Tukamtanguliza mzee wetu mmoja, mtu wa busara, na mzee akaanza na itifaki: mheshimiwa mwenyekiti, makamu wako, katibu, wajumbe, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Kengele ikalia anawashukuru waliotupangia viti. Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba wananchi walishukuru.

Halafu wakatuonyesha picha ya mradi. Jamani, ile picha! Mti uliopandwa jana tayari una kivuli cha kufunika harusi. Watu wote wamevaa nguo nyeupe, hakuna anayetoka jasho, hakuna mtoto anayelia, na kila mmoja anatembea kama miguu haigusi chini. Nilitafuta mtu wa mtaani kwetu nikamkosa. Nilichokiona ni chemchemi ya kutengenezwa, ile ya pampu na taa, imewekwa hatua chache tu kutoka kwenye maji. Maji ya Mungu yapo pale, bure, wao wananunua mengine ya kurusha hewani. Pembeni kwa maandishi madogo: eneo litakuwa wazi kwa umma kwa saa zitakazopangwa. Zitakazopangwa na nani? Bila shaka na yule asiyeonekana.

Kwenye kamati tunaye mwalimu mstaafu, na mwalimu hastaafu mdomo. Akasimama akatuambia kwamba mwaka 533, sheria za Mfalme Justinian wa Roma zilitamka kuwa hewa, maji yanayotiririka, bahari na ufukwe wake ni vya watu wote. Kijana mmoja akauliza kama huyo mfalme alikuwa na hati. Mwalimu hakuyumba. Akahamia Chicago: mwaka 1836, kwenye ramani ya mji ule, kipande cha ardhi upande wa ziwa kiliandikwa kuwa kibaki wazi daima bila majengo. Ikaandikwa, na bado waliotaka kujenga hawakuisha. Tajiri mmoja, Montgomery Ward, akaanza kushtaki mwaka 1890, na kesi zikamalizika 1911. Magazeti yakamsema kuwa anazuia maendeleo. Alishinda, bustani ipo mpaka leo, naye akafariki 1913.

Mimi nikapiga hesabu kimya kimya. Tajiri mwenye mawakili kahangaika miaka ishirini na moja, na ramani anayo. Sisi tuna nini, daftari lenye saini na doa la chai?

Mama mmoja wa kamati akamkatiza mwalimu. Akasema mwaka 1961 kule kwenye ghuba ya San Francisco, Marekani, walikuwa wanawake watatu tu, ndani ya sebule, walioona mji wa Berkeley umepanga kuifukia ghuba mpaka ukubwa wa mji ukaribie mara mbili. Wakaandikia watu barua, wakakusanya dola moja moja, na mwaka 1965 jimbo likaunda tume ya kuilinda ghuba. "Watatu!" akarudia, akitukagua sisi wanaume mmoja mmoja. Nikajifanya natafuta kalamu.

Basi nikadhani sasa tunaandika barua. Wapi! Mtu kauliza bustani itaitwaje, na jioni yote ikaishia hapo. Kundi moja linataka jina la mwanzilishi wa mtaa, jingine linataka la mwenyekiti wa kamati, ambaye alikuwa anakataa kwa sauti ndogo sana. Bustani hatuna, jina tumeshaligombea, na kundi la WhatsApp limegawanyika mawili, yote yananitumia sauti za dakika nane.

Kikao kijacho ni Jumamosi. Barua imewekwa ajenda ya tano, baada ya mengineyo. Ajenda ya kwanza ni mabenchi yatazame upande gani. Na wapo, kwa macho yangu nimewaona wakinyoosha mkono, wanaotaka yatazame barabara.