Nani Anayetunza Maonyesho ya Black Sabbath Ambayo Hayakutolewa?

Tangu Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Uingereza ya Black Sabbath, afariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 tu baada ya kuimba na wenzake watatu wa awali katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, ubishi wa zamani umerudi miongoni mwa wapenzi wa metali hapa Nairobi. Rekodi zilizonaswa na mashabiki ukumbini baada ya Black Sabbath kurudiana: je, ni halali kuzitunza na kupeana, au ni mali ya wizi hata kama hakuna anayelipwa senti?

Wanaozipinga wana sheria upande wao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa msanii haki ya kukubali au kukataa onyesho lake kurekodiwa, na Marekani iliweka kinga ya aina hiyo mwaka 1994. Aliyeingiza kinasa sauti ndani ya koti hakuomba ruhusa. Mjadala wa sheria unaishia hapo, na anayetetea rekodi hizi asijidanganye kwamba kutolipisha kunafuta kosa.

Lakini sheria inajibu swali la nani mwenye haki. Haijibu nani amehifadhi. Katika historia ya bendi hii baada ya kurudiana, maswali hayo mawili yana majibu yaliyo mbali sana.

Chukua kwanza kile kilichotolewa rasmi. Albamu ya Reunion, iliyotoka Oktoba 1998, ilirekodiwa Birmingham tarehe 4 na 5 Desemba 1997. Ni maonyesho mawili yaliyoshonwa yakawa moja, na yameshonwa vizuri. Baadaye ikaja video ya The Last Supper, kutoka ziara ya 1999, ambayo inakatiza nyimbo ili kuweka mahojiano juu yake. Anayetaka kusikia mpiga ngoma Bill Ward akimaliza wimbo mmoja bila mtu kuanza kuongea anajua uchungu wa video hiyo. Sasa weka hayo kando ya yaliyofanyika jukwaani. Mwaka 1997 kwenye Ozzfest, tamasha la metali linalozunguka miji, aliyekaa kwenye ngoma alikuwa Mike Bordin. Mei 1998 Ward alipatwa na mshtuko wa moyo wakati wa mazoezi, na ziara ya Ulaya ikaendelea na Vinny Appice. Anayesikiliza diski rasmi peke yake atadhani watu wanne walirudiana, wakapiga, wakaenda nyumbani.

Tarehe 15 Novemba 1992 huko Costa Mesa, California, ndipo pengo linapoonekana wazi zaidi. Ozzy alikuwa ametangaza kustaafu, na Sabbath walialikwa kumfungulia jukwaa. Ronnie James Dio, aliyekuwa mwimbaji wa Sabbath wakati huo, alikataa kumfungulia Ozzy, akaondoka. Rob Halford, anayejulikana kwa bendi ya Judas Priest, akaja kuimba nafasi yake siku mbili, tarehe 14 na 15, nyimbo za Dio na za Ozzy kwa koo lake mwenyewe. Usiku wa pili, mwishoni, wale wanne wa awali wakapanda pamoja na kupiga nyimbo nne. Kati ya hizo nne, mmoja uliingia kwenye albamu ya Ozzy ya Live & Loud mwaka 1993. Mmoja! Tatu zilizobaki, pamoja na saa nzima ya Halford, ziko kwenye kanda za watu waliokuwa wamesimama pale. Halford aliokoa jahazi tena tarehe 26 Agosti 2004 huko Camden, New Jersey, Ozzy alipougua kifua: aliimba seti ya Judas Priest, kisha akarudi jukwaani kuimba ya Sabbath. Hiyo nayo haina albamu.

Halafu kuna Scary Dreams. Mwaka 2001 bendi ilikuwa imeanza kuandaa albamu mpya na mtayarishaji Rick Rubin. Kazi ikakatika, Ozzy akarudi kwenye albamu yake binafsi, na albamu mpya ya Sabbath ikangoja hadi 2013, ilipotoka bila Ward. Ila kabla ya kukatika, katika ziara ya Ozzfest ya kiangazi kile, waliupiga wimbo huo mpya mbele ya watu, mji baada ya mji, Ward akiwa kwenye ngoma. Haukuingia kwenye albamu yoyote. Tunachoweza kusikia leo ni kile kilichonaswa na watazamaji. Fikiria maana yake: bendi iliyoanzisha aina nzima ya muziki inatunga wimbo ikiwa na wanachama wake wote wa mwanzo, inaupiga hadharani, na kama si mtu mwenye maikrofoni kwenye kola ya shati, tungebaki na jina lake tu. Ukilinganisha rekodi za miji miwili unasikia kazi ambayo bado inatafuta umbo, na hilo ni jambo ambalo albamu iliyokamilika haimpi msikilizaji kamwe. Anayesema rekodi zote za mashabiki zifutwe aseme pia kama wimbo huu ufutwe nao.

Upande wa pili una hoja moja nzito kuliko sheria, nayo ni heshima ya mwimbaji. Kuna siku Ozzy alikuwa nje ya ufunguo kuanzia wimbo wa kwanza. Msanii ana haki ya kusema: usinikumbuke kwa usiku huo. Hoja hiyo inauma zaidi sasa ambapo hayupo kujisemea. Inastahili kusikilizwa, na mtunzaji mwenye adabu hasambazi kipande cha dakika moja cha mtu mgonjwa akikosea maneno ili watu wacheke. Hata hivyo, rekodi rasmi nazo zina tabia zake. Halford alikiri kwamba sauti yake kwenye Unleashed in the East ya Judas Priest, 1979, ilirudiwa studio. Sabbath wenyewe walivunjika mwaka 1982 wakigombania uchanganyaji wa albamu yao ya jukwaani, Live Evil, nani amepandishwa na nani ameshushwa. Rekodi ya ukumbini haina nafasi ya kumpendelea mtu. Inachukua kilichofika kiti kile.

Malalamiko ya kwamba rekodi hizi ni kelele tupu yanahitaji jibu la kifundi, kwa sababu mara nyingi ubovu unaosikika Nairobi haukutoka ukumbini. Ulitokea njiani.

Ndiyo, zipo zilizoharibika pale pale. Maikrofoni ndogo za kubandika huchota volti 2 au 3 kutoka kwenye kinasa chenyewe, na onyesho la metali hupita desibeli 110 bila shida. Umeme huo hautoshi. Kila dramu ya mguu inapogonga, besi inapasuka na kumeza gitaa. Waliojua walitumia kisanduku cha betri ya volti 9 chenye kichujio cha kupunguza besi. Mpasuko wa aina hii hautibiki. Kuna pia kaseti ya dakika 90, ambayo upande wake ni dakika 45, kwa hiyo wimbo mmoja katikati ya onyesho hukatwa mtu akigeuza kanda.

Lakini kasi ya kanda inatibika, na hapa ndipo watu wanaharibu zaidi kwa nia njema. Kinasa ambacho betri zake zilikuwa zinaisha wakati wa kurekodi kilizungusha kanda polepole. Ikichezwa kwenye mashine nzima, muziki unakimbia. Asilimia 6 ya kasi ni karibu semitoni moja, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili. Wengi hurekebisha kwa kulinganisha gitaa na albamu ya studio. Kwa Sabbath hilo ni kosa, kwa sababu mpiga gitaa Tony Iommi amekuwa akilegeza nyuzi tangu 1971 na ufunguo wa jukwaani haulazimiki kuwa wa studio. Tafuta badala yake mvumo wa umeme wa ampu, pale kati ya wimbo na wimbo. Onyesho la Uingereza linatakiwa kusoma hezi 50 au 100, la Marekani 60 au 120. Ukikuta 53 kwenye onyesho la Birmingham, kanda inakimbia kwa semitoni moja. Punguza kasi kwa uwiano wa 50 kwa 53, ukitumia badiliko la kasi yenyewe na si lile la ufunguo peke yake.

Mtego uko kwa anayehamisha kaseti hapa kwetu. Umeme wetu nao ni hezi 50. Deki isiyo na ethi (waya wa ardhini) nzuri itaongeza mvumo wake juu ya kanda ya California, na fundi atasoma 50 mahali pa 60 na kuvuruga kila kitu. Namna ya kutofautisha ni kuanza kurekodi kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza. Mvumo ulioko tayari wakati kanda imesimama ni wa deki. Na kabla ya hayo yote, chukua bisibisi ndogo ugeuze skrubu ya pembe ya hedi, yaani kichwa kinachosoma kanda, kidogo kidogo hadi matoazi yang'ae. Kanda iliyorekodiwa na hedi iliyoinama tofauti na yako husikika kama imefunikwa blanketi, na hakuna programu itakayorudisha mlio ambao hedi haikuusoma.

Kisha inakuja MP3. Dakika 90 za onyesho kwa ubora wa CD ni karibu megabaiti 950. Zikikandamizwa kwa FLAC bila kupoteza kitu zinabaki kama 600 hadi 650. Kwa MP3 ya kilobiti 128 ni megabaiti 86. Kwa mtu anayenunua bando, au anayejaziwa flashi dukani, uamuzi huo unaeleweka kabisa. Tatizo ni pale mwingine anapoigeuza MP3 hiyo kuwa FLAC tena na kuiita nakala ya kwanza. Faili inanenepa, muziki haurudi. Fungua mchoro wa masafa: kanda halisi hufifia taratibu kuelekea juu huku sauti ya mchakacho ikiendelea, ilhali MP3 ya kilobiti 128 hukatwa wima karibu na kilohezi 16. Usihukumu haraka lakini, maana rekodi ya redio ya FM nayo hukomea karibu na 15, na MiniDisc, diski ndogo ya kurekodia, ina mikato yake. Ndiyo maana faili ya maandishi inayoeleza kinasa, maikrofoni, mahali pa kukaa na kila hatua ya uhamishaji ina thamani kuliko picha ya jalada iliyochorwa vizuri. Folda isiyo na maandishi hayo ni uvumi.

Jambo moja halina pande mbili: kuuza. Anayechapisha rekodi ya Costa Mesa kwenye santuri za rangi na kuitoza bei ya albamu anachukua pesa ya Iommi, Ward, mpiga besi Geezer Butler na warithi wa Ozzy. Watunzaji wa kweli wanampinga kwa ukali kuliko kampuni zenyewe. Na onyesho likitolewa rasmi, nakala yake ya bure iondolewe.

Wanaosema bendi haziwezi kufanya vinginevyo waangalie Metallica, ambao tangu 2004 wamekuwa wakiuza rekodi za maonyesho yao moja moja, kutoka kwenye meza ya sauti (mixer). Shabiki anapata usiku anaoutaka, bendi inalipwa. Sabbath hawakuchagua njia hiyo, na kwa msikilizaji wa Afrika gharama ni kubwa zaidi. Nairobi hawakuwahi kuja. Walipokanyaga bara hili mwaka 1987, wakiwa na mwimbaji Tony Martin, walipiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi, wakivunja mgomo wa wasanii wa kutopiga huko. Kwetu hakuna kumbukumbu ya kusimama mbele ya jukwaa lao. Kuna faili.

Bendi za metali za Nairobi ziko kwenye hatari ile ile, ila zenyewe bado zina muda. Maonyesho mengi ya hapa yanabaki kwenye simu, na simu hushusha sauti yenyewe kila dramu inapogonga kisha kuipandisha, ikifanya gitaa lipumue. Kutegemea meza ya sauti peke yake hakusaidii katika ukumbi mdogo: ampu za gitaa tayari zina kelele za kutosha jukwaani, fundi hazipitishi sana kwenye spika, na rekodi ya mezani inatoka ikiwa na sauti za waimbaji na dramu tu. Rekodi meza pamoja na maikrofoni mbili zilizosimamishwa hapo hapo kwa fundi, kisha uzichanganye. Sauti huchukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo kwa mita 15 maikrofoni ziko nyuma kwa takriban 44. Chelewesha rekodi ya mezani kwa kiasi hicho, na ukague tena mwisho wa onyesho, kwani saa za vinasa viwili huachana polepole.

Ruhusa iombwe wakati wa kupima vyombo, kwa ujumbe wa WhatsApp ambao kila mwanachama anaujibu. Utaje tarehe, ukumbi, nani anabaki na nakala kamili, kama inaruhusiwa kupeanwa bure, na nini kinafanyika bendi ikivunjika.