Picha za klabu bila mwaka

Kinachokera kwenye kumbukumbu za klabu za roki zilizofungwa ni picha zisizo na tarehe. Mtu anarusha picha ya jukwaa, anaandika "enzi hizo", basi. Enzi zipi? Klabu ya CBGB ya New York ilidumu kuanzia 1973 hadi 2006. Humo mnaingia vizazi viwili vya wanamuziki.

Mabango ndiyo yanaumiza zaidi. Mengi yana siku na tarehe, mwaka hamna, kwa sababu yalibandikwa ukutani kwa wiki moja tu. Hilo linatatulika: chukua kalenda ulinganishe. Ijumaa ya tarehe 14 Machi, ndani ya uhai wa CBGB, ni 1975, 1980, 1986, 1997 au 2003. Ukijua ni bendi gani zilipiga usiku huo, mara nyingi unabaki na mwaka mmoja. Lakini watu wanakata kingo za bango ili picha ipendeze, na tarehe iko huko huko chini pembeni!

Jamani, skani bango zima, nukta 600 kwa inchi, na nyuma ya picha pia, maana huko ndiko mpiga picha alikoandika. Majina yaandike kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya hadi mbele. Halafu tuma kama faili, si kama picha: programu za kuchati huibana na kufuta taarifa zilizomo. Na mtaje fundi mitambo na dada wa mlangoni, si mwimbaji peke yake.