Shemeji Mkaguzi

Kompyuta tulishaiunga yote, imebaki kuiwasha tu. Kidole changu kinaelekea kwenye kitufe, shemeji akakidaka hewani.

"Shem, unataka kuiua kabla haijazaliwa? Lazima ikaguliwe kwanza!"

Huyu ni kaka wa mke wangu, kwa hiyo humu ndani hapingwi. Akavaa tochi ya kichwani, akazamisha uso kwenye kasha, akaanza kuita kama karani wa kura.

"Waya wa pini 24!"

"Umekaa!"

"Wa pini 8, kule konani kwa prosesa!"

"Umekaa!" Huo wa kuipa umeme prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, wengi huusahau, feni zikazunguka kwa furaha na kioo kikabaki cheusi.

"Ile nailoni ya chini ya bati la kupoza, uliibandua?"

Nikaichomoa mfukoni mwa shati, nikamwonyesha. Nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya ushahidi, maana namjua.

Mpaka hapo, kusema haki, alikuwa anasema mambo ya maana. Kisha akaamua kuitikisa. Akaikumbatia, akaiinua, akaipeleka kushoto, kulia.

Chekele! Chekele!

Tukatazamana. "Skrubu," akanong'ona.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu, hailali juu ya bati la kasha. Inasimamishwa juu ya vijiguu vidogo vya shaba ili ule mgongo wake wenye solda usiguse chuma. Skrubu ikidondokea pale chini, ukiwasha inaweza kupiga shoti, na hapo unaweza kuaga mazabodi. Nikakubali tuifumue.

Ikatoka kadi ya picha, zikatoka ramu za kumbukumbu, ikatoka mazabodi na feni yake juu. Tukalipindua kasha miguu juu. Halikutema kitu. Tukahesabu skrubu: zimetimia, na moja imezidi. (Hiyo ya kuzidi huwa haikosi, wala sijapata kukutana na mtu anayejua inatokea wapi.)

Tukaunga upya. Kazi ilikuwa kwenye vile viwaya vya mbele, maana maandishi yake yameandikwa kwa ajili ya sisimizi. Cha kitufe hakina neno, hata ukikigeuza kinafanya kazi. Cha taa ndicho chenye chanya na hasi, ukikikosea taa haiwaki. Shemeji akavichomeka kimoja kimoja, ulimi nje, jasho likimtiririka. Akasimama, akaikumbatia tena.

Chekele!

"Imo ndani ya pawa saplai!" Bisibisi tayari iko mkononi. Hapo nikagoma. Lile boksi la kugawa umeme halifunguliwi na watu wa aina yetu. Kapasita zake hubaki na umeme hata plagi ikiwa imeng'olewa ukutani.

"Basi tikisa wewe, mimi nisikilize."

Nikatikisa. Kimya. Nikatikisa kwa nguvu. Kimya.

"Hujui kutikisa wewe," akaninyang'anya. Chekele! Chekele! "Umesikia?"

Mke wangu akachungulia mlangoni. "Kaka, hebu toa hizo funguo mfukoni, zinanipigia kelele mpaka jikoni."

Shemeji akaitua kompyuta polepole. Akatia mkono mfukoni, akatoa bunda zima: za nyumba, za pikipiki, za makufuli ambayo nadhani hata hayapo tena. Akaliweka mezani kwa heshima zote.

"Ndiyo faida ya ukaguzi, shem. Sasa tuna uhakika."

Nikabonyeza kitufe. Hakuna kitu. Nikaona macho yake yanaitafuta bisibisi, nikaiwahi nikaikalia. Nikapapasa nyuma ya kasha: swichi ya pawa saplai iko upande wa duara, yaani imezimwa. Ni yeye aliyeizima tulipoanza kufumua. Nikaigeuzia upande wa mstari, nikabonyeza tena. Feni zikavuma, kioo kikawaka, maandishi meupe yakajipanga.

Shemeji akayasoma, uso ukamkunjamana. "Inasema haioni pa kuanzia."

"Ni kawaida hiyo, shem. Diski bado tupu, hatujaipakia Windows."

"Au imelegea," akasema, na mikono ikaanza kuizunguka.