"Kama kawaida" haivuki bahari

Nyumbani mtu anaketi kwenye kiti cha saluni, anasema "Fundi, kama kawaida," na mashine inawashwa. Maneno hayo yanatosha kwa sababu fundi anakijua kichwa. Anajua kovu lililo nyuma ya sikio, anajua panja la kushoto limepanda kuliko la kulia, anajua shingo hii haitaki wembe. Mgeni naye ana bango la ukutani lenye picha zenye namba: anaonyesha kwa kidole, "Ninyoe kama ile 14." Ni utaratibu mzuri na sikubaliani na wanaoudharau. Ila huku Uingereza hauna pa kushika, na wengi wetu tunauendeleza hivyo hivyo, kisha tunatoka saluni tumevaa kofia.

Lawama yetu ya kwanza huwa kwamba vinyozi wa huku hawajui nywele zetu. Kwa sehemu ni kweli. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo viwango vya taifa vya mafunzo ya ususi viliporekebishwa ili nywele za Kiafrika ziwe sehemu ya masomo, kwa hiyo wapo wengi waliohitimu bila kuzigusa darasani. Lakini hata kwa kinyozi Mjamaika au Mghana, aliyezaliwa na nywele kama zetu, tunaharibikiwa vilevile. Naamini kinachotuponza ni ukimya. Tumelelewa kwamba fundi haelekezwi kazi yake. Kinyozi wa huku anategemea kuelekezwa, na usiposema ataamua mwenyewe.

Tuanze na namba, maana ndiyo lugha yao. Hapa namba si ya picha. Ni ya kichana kinachovishwa kwenye meno ya mashine. Namba 1 huacha milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10, namba 4 milimita 13, hadi namba 8 inayoacha milimita 25. Aliyezoea bango akisema "namba 2" akiwaza mtindo, atapata milimita 6 kichwa kizima. Ukivuka kwenda Ujerumani mambo yanageuka tena: kule wanahesabu milimita. "Tatu" ya Uingereza ni milimita 10, "tatu" ya Ujerumani ni 3. Tofauti hiyo inachukua wiki tatu kuota, kwa sababu nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Zipo pia mashine zenye meno ya kubadilisha, ambazo namba 1 yake ni milimita 2.4, fupi kuliko kichana namba 1. Ndiyo maana napendelea kutaja milimita hata London; hakuna kinyozi makini atakayeshindwa kuelewa.

Namba peke yake haitoshi. Mashine ikifuata nywele zinakolalia huacha nyingi. Ikienda kinyume hukata chini zaidi kwa kichana kilekile. Ukipenda nywele za juu zibaki na weusi wake, sema afuate zinakolalia. Na zichanwe kwanza mpaka mzizini. Nywele zilizojisokota zikipitiwa na kichana bila kuchanwa, nyingine hulala chini ya meno na kuponea, na siku ya pili zikiinuka kichwa kinakuwa na mabaka. Usipokuwa na hakika na urefu, omba aanze na namba 3, utazame kwenye kioo, ndipo ashuke 2. Kupanda hakupo.

Neno linaloleta maafa kuliko yote ni "fedi". Kwetu tunalitumia kwa chochote kilichopunguzwa pembeni. Huku ni nywele zinazofifia taratibu kuelekea chini, na ina vipimo: ya chini huanzia juu kidogo ya sikio, ya kati hufika usawa wa panja, ya juu hupita panja kuelekea utosini, na kila moja inaweza kuishia kwenye ngozi tupu au kuishia namba 1. Mtu mwenye kovu au kichwa chenye bonde kisogoni akipewa fedi ya juu ya ngozi tupu, kila kitu kinaonekana. Wengi wetu tunachotaka hasa kinaitwa "tepa": hufifisha sharafa na sehemu ya chini ya shingo tu, pembeni pote hubaki na nywele. Kaa na maneno hayo mawili kinywani kabla hujaingia.

Kuchonga kingo za nywele nako kunahitaji kauli. Sema mstari wa mbele ufuate ulivyoota, usirudishwe nyuma hata kidogo. Kinyozi anayetafuta mstari ulionyooka kabisa hula milimita chache kila mara, na siku nne baadaye vinyweleo vinajitokeza mbele ya mstari, kwa hiyo safari ijayo anakula tena. Mwenye vipele vya kidevuni au kisogoni asikubali wembe wala mashine ya kukwangua mpaka sifuri. Nywele zetu zinajikunja. Zikikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake kali hurudi na kujichoma ndani. Ziachwe walau nusu milimita. Hili si la urembo, usilionee haya.

Picha husaidia, ila si picha ya mcheza mpira. Nyingi zimepakwa rangi nyeusi kwenye mstari, na nywele zake hazioti kama zako. Picha bora ni ya kichwa chako mwenyewe siku uliyonyolewa vizuri: mbele, kulia, kushoto na kisogoni. Nne tu, zikae kwenye simu.

Dada zetu wanaokata ncha wana mtego wao: neno "kidogo". Onyesha kwa vidole, sema sentimita 1, na uliza kama atakata zikiwa zimenyooshwa au zimejikunja. Nywele zenye mikunjo midogo zikikauka zinaweza kurudi hata nusu ya urefu wake, kwa hiyo sentimita 1 iliyokatwa zikiwa zimejikunja inaweza kuwa sentimita 2 zikivutwa.

Halafu kuna dakika ya kioo. Kinyozi anashika kioo nyuma ya kichwa, nasi tunajibu "asante, safi" kabla hatujatazama. Tazama. Linganisha masikio mawili, tazama kama weusi umeshuka taratibu au umeacha ukingo, kisha sema kabla kitambaa hakijatolewa shingoni. Huku mteja wa miadi ijayo ameshaketi anasubiri, na mlango ukishafungwa nyuma yako marekebisho ni miadi mingine. Nyumbani unaweza kurudi jioni, fundi akakupitishia mashine bure huku mkizungumza habari za mtaa, na hilo ndilo ninalolikosa zaidi.

Ukirudi likizo, peleka tabia ya milimita nyumbani pia. Mwombe fundi aseme kichana chake kimeandikwa namba gani, kisha kaa nayo akilini. Vichana vikichakaa meno hukatika, na pengo moja kwenye kichana cha namba 2 huacha mstari mrefu kuanzia panja hadi kisogoni.